Uso wa Mzee Kiberenge

Dairekta alimwaga furushi la mashati meupe juu ya meza ya kupigia pasi, akamwambia mkewe, "Yachafue."

Mkewe alikuwa dobi. Nyumba ile ilikula, ikavaa na kulipa kodi ya pango kwa mikono yake miwili iliyokwisha kuchujuka kwa sabuni, na mtaa mzima ulimwita kwa kazi yake, Dobi. Alimtazama mumewe kuanzia viatu hadi kofia. Kofia ilikuwa mpya, nyeusi, mdomo wake umegeuzwa kisogoni, kofia ya mtu anayemwomba Mungu aulizwe anafanya kazi gani.

"Niyachafue vipi?"

"Uchafu wa kihistoria."

"Uchafu wa mchuzi naujua, wa grisi naujua. Huo wa kihistoria unapatikana wapi?"

"Usinifanyie masihara asubuhi yote hii. Hawa ni vibarua waliokufa wakijenga reli enzi za mkoloni. Wamelala ardhini miaka na miaka. Sasa wanafufuka. Umewahi kuona zombi anafufuka ananukia sabuni?"

"Sijawahi kumwona kabisa, hata asiyenukia."

Filamu ile ilikuwa na jina kabla ya kuwa na kitu kingine chochote. Iliitwa *Damu ya Mataruma*. Vibarua waliouawa kwa njaa na mijeledi wanafufuka chini ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, siku ya uzinduzi, wanakwenda kumtafuna bwana mkubwa mbele ya bendi na wageni wake. Wazo si baya. Hata Dobi, aliyekwisha kulisikia mara nyingi kuliko alivyotaka, alikubali moyoni kwamba si baya. Ubaya ulikuwa kwa mwenye wazo. Dairekta alikuwa mpiga picha za harusi mpaka wenye harusi walipogundua kwamba simu zao zinapiga picha safi kuliko kamera yake, tena simu haiombi kufungiwa chakula cha kwenda nacho nyumbani. Tangu hapo akatangaza kwamba yeye ni msanii na harusi zinamshushia hadhi.

Fedha za filamu zilitoka kwa mwenye duka la simu, aliyejulikana kwa jina la Bwana Chaja. Alizitoa kwa sharti moja tu, kwamba bwana mkubwa wa reli awe yeye mwenyewe. Dairekta alimwambia mbele ya wateja kwamba uso wake una mamlaka ya kikoloni kabisa. Kilikuwa kilemba cha ukoka, na Bwana Chaja alikivaa mpaka kikamfunika masikio.

"Mashati nitayaloweka kwenye majani ya chai," alisema Dobi. "Nikimaliza nitayakanyaga. Kuna kingine?"

"Nyuso," alisema Dairekta, akakuna shingo. "Wale wafu wa nyuma nitawapaka majivu, hakuna atakayewaona. Lakini nahitaji mmoja wa kujaza kioo. Kiongozi wa wafu. Binti wa saluni anasema kumtengeneza mtu kama huyo anataka vifaa ambavyo hata hajawahi kuvigusa."

Akaenda chumba cha baba yake kuchukua kiti, maana alipenda kufikiri akiwa ameketi. Akakawia. Dobi alipomfuata alimkuta amesimama mlangoni, ameunda pembe nne kama fremu ya kamera kwa vidole vyake viwili viwili, jicho moja amelifumba, anamtazama baba yake aliyelala kinywa wazi.

Yule mzee alikuwa ameitunza reli maisha yake yote, akipita na kile kigari kidogo cha relini kukagua njia, ndiyo maana watu wakamwita Mzee Kiberenge. Kiharusi kilimkuta ameshastaafu. Kilimvuta upande mmoja wa uso kuelekea chini kana kwamba kuna mtu ameuning'inia, kikamwachia mkono mmoja na mguu mmoja vya kuburuta, na kikamnyang'anya karibu maneno yote. Yalibaki machache ya lazima, moja moja, pamoja na matusi. Matusi yalibaki salama salimini, hayakupungua hata moja.

"Toa mikono yako hapo," alisema Dobi kwa sauti ya chini.

"Sijafanya kitu."

"Umefanya. Nimekuona. Baba haendi popote."

"Ni baba yangu huyo."

"Ni baba yako ukitaka kumpiga picha. Akitaka kwenda msalani ni mkwe wangu."

Dairekta akalipita hilo kwa juu, kama wanavyofanya watu wa aina yake. Aliingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwamsha baba yake kwa upole ambao Dobi hakuwa ameuona tangu harusi yao. Akamwambia anatengeneza filamu ya historia ya reli, na kwamba filamu kama hiyo haiwezi kukamilika bila mtu wa reli wa kweli. "Utakuwa wewe mwenyewe, Baba. Mfanyakazi wa reli. Utatembea tu kidogo, watu wakuone."

Mzee akamtazama mwanawe. Jicho lake zima likajaa machozi, na lile jingine, ambalo siku zote lilikuwa na maji, halikubadilika. Akainua mkono wake mzuri, akaonyesha kabati.

"Koti," alisema.

* * *

Koti lilikuwa la bluu nzito, lenye vifungo vya shaba na kola ngumu, alilopewa siku ya kustaafu. Alikuwa amelivaa mara moja tu. Dobi alilitoa kabatini linanuka dawa ya nondo, akalipunga hewa, akalipiga pasi juu ya kitambaa chenye maji ili lisipate mng'aro. Vifungo alivisugua kwa majivu. Mzee aliketi mlangoni akiangalia kila mahali pasi ilipopita, na ilipofika kwenye kola akagonga kiti kwa kidole, maana yake rudi hapo, bado. Akarudi.

Tangu siku hiyo mzee aliacha kulala mchana. Kwa muda mrefu muuguzi wa zahanati alikuwa amemsihi ajaribu kutembea, na muda wote huo jibu lake lilikuwa tusi. Sasa aliamka mwenyewe, akashika ukuta wa ukumbini, akaenda mpaka mlango wa mbele, akarudi, akaenda tena. Mguu wake ukawa unakwaruza sakafu siku nzima. Alimwamuru Dobi amnyoe ndevu. Akataka kioo, kisha akakirudisha bila kukitazama sana.

Dobi alikuwa anayajua yote. Alijua kwa sababu mashati ya wafu yalikuwa yameloa ndani ya ndoo zake mwenyewe, chai ikiwa imepanda mpaka kwenye kola. Alimbana mumewe jikoni.

"Leo unamwambia, au namwambia mimi."

"Unamwambia nini?"

"Kwamba si mfanyakazi wa reli. Kwamba ni maiti."

"Maiti wa mfanyakazi wa reli," alisema Dairekta. "Tofauti iko wapi? Mke wangu, hebu mwangalie. Anatembea! Madaktari walishindwa, sanaa imeweza. Unataka umnyang'anye furaha yake kwa sababu ya neno moja tu? Mwambie basi. Mwambie uone kama kesho atatoka kitandani."

Hapo ndipo alipompata. Mjinga yule, asiyejua hata kufunga bomba likafungika, alijua mahali pa kumshika mkewe. Dobi alisikia ule mguu ukikwaruza ukumbini, ukifika mlangoni, ukigeuka. Akanyamaza. Alijichukia kwa kunyamaza huko, lakini alinyamaza.

* * *

Walipigia picha kwenye stesheni ya zamani iliyofungwa, mahali ambapo reli zenyewe zilikuwa zimeng'olewa na wauza vyuma chakavu na kubaki mataruma yaliyooza. Bwana Chaja alikuja amepakwa unga uso mzima hadi shingoni, na kila alipotoa jasho unga ule ukawa uji. Kofia yake ya kikoloni lilikuwa bakuli la plastiki lililobandikwa kitambaa. Mkononi alikuwa na saa kubwa ya kielektroniki inayopima mapigo ya moyo, naye alikataa katakata kuivua.

"Wakati wa mkoloni hakukuwa na saa?" aliuliza.

"Zilikuwepo, bosi," alisema Dairekta. "Sema hiyo inawaka taa."

"Basi mimi ni mkoloni mwenye uwezo."

Wafu walikuwa wachuuzi wa soko la jirani waliofunga biashara zao kwa siku moja, wote wamepakwa majivu. Dairekta aliwaagiza wamvamie Bwana Chaja kwa hasira ya miaka yote waliyolala ardhini. Wakaanza vizuri, wakiunguruma na kunyoosha mikono. Lakini Bwana Chaja alipoinua fimbo na kupiga kelele, "Panga foleni!" wafu wote wakasimama, wakatazamana, wakaanza kupanga foleni. Mmoja akamsukuma mwenzake aliyemtangulia.

"Kata! Kata!" Dairekta alitupa kofia yake chini. "Nyinyi ni maiti au mna akili gani? Mmekufa! Mtu aliyekufa anapanga foleni?"

"Sauti yake ni kama ya yule askari wa soko," alijitetea mmoja.

"Rudia!"

Neno hilo ndilo lililokuwa ladha ya Dairekta. Alilisema akiwa ameketi kwenye kiti cha baba yake, mguu juu ya mguu, akilivuta mwishoni. Rudiaaa. Watu walirudia kwa sababu yeye hakujua alichokuwa anakitaka, na alitumaini kwamba mmoja wao, kwa kuchoka, angemwonyesha.

Mzee Kiberenge aliketi kivulini ndani ya koti lake, vifungo vinameta, mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri kuitwa kwa meneja. Wafu walipita mbele yake wakimwamkia, "Shikamoo, Mzee," naye akaitikia kwa kichwa. Alimuuliza Dobi kwa jicho, hawa wamepakwa nini. Dobi akasema, "Vumbi la kazi, Baba." Huo ukawa uongo wake wa kwanza wa kusema kwa mdomo.

Zamu ya mzee ilipofika, Binti wa saluni akamjia na wembe. Kabla Dobi hajafika, mkono wa koti ulikuwa umeshachanwa kutoka begani hadi kwenye kiwiko.

"We! Unafanya nini?"

"Nimeambiwa linang'aa mno," alisema yule binti, naye mwenyewe alikuwa na aibu. "Dairekta kasema hakuna zom..."

"Hakuna mfanyakazi mwenye koti safi hivyo!" alidakia Dairekta kutoka kwenye kiti. "Ni ukweli wa kihistoria, Baba. Litashonwa. Tutalishona vizuri kuliko lilivyokuwa."

Mzee aliutazama mkono wa koti ukining'inia. Midomo yake ikachezacheza, na Dobi akangojea tusi, akaliombea lije. Halikuja. Alikuwa mtu wa kazi. Aliyeshika usukani wa kazi ile alikuwa mwanawe, na yeye alikuwa amelelewa kumtii mwenye kazi. Akashika mkongojo wake, akasimama.

Alitembea. Kutoka kwenye nguzo ya taa iliyokufa hadi alipokuwa Bwana Chaja, juu ya mataruma, mguu mmoja ukiburuta, kidevu juu. Nyuma yake wafu walimfuata kimya, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuna aliyecheka.

"Sasa, Baba, hapo umechoka na kazi," alisema Dairekta. "Unaanguka. Ukianguka lala, usifumbue macho mpaka niseme kata."

Mzee akaanguka kwenye tope.

"Kata! Vizuri sana, Baba, ila uso ulitazama upande mzuri. Geuza ule mwingine kwa kamera. Rudia!"

Akainuliwa, akatembea, akaanguka.

"Kuna chupa ya soda inaonekana. Toeni hiyo chupa. Rudia!"

Akainuliwa, akatembea, akaanguka. Saa ya Bwana Chaja ililia. Rudia. Mchuuzi mmoja alipiga chafya. Rudia. Mara nyingine hakukuwa na sababu kabisa, Dairekta alisema tu kwamba hakuisikia moyoni. Kila mara mzee alilala amefumba macho, tope likimwingia puani, akasubiri ruhusa. Mwishowe Dobi aliingia katikati ya picha na ndoo ya maji, akapiga magoti mbele ya kamera, akaanza kumwosha mkwe wake uso.

"Unaniharibia!" alifoka Dairekta.

"Rudia uone," alisema Dobi.

* * *

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa shule, alasiri, madirisha yamezibwa kwa mashuka ambayo Dobi aliyatambua kuwa ya wateja wake. Kwa siku kadhaa alikuwa amejaribu kumzuia mzee asiende. Alisema kuna joto. Alisema viti ni vibovu. Mzee akaonyesha kabati. Mkono wa koti ulikuwa umeshashonwa kwa uzi wa rangi ileile, lakini mshono ulionekana, na yeye akaupapasa kwa kidole kisha akaupuuza. Akaketi safu ya mbele.

Watu waliokuja walikuwa wale wale wanaomsalimu mzee barabarani kwa heshima zote. Walikuja na karanga. Walimshangilia Bwana Chaja alipotokea na bakuli lake, wakahesabu kwa sauti kila chupa ya plastiki iliyosahauliwa, wakawacheka wafu waliopanga foleni, maana Dairekta hakuwa na picha nyingine akaiacha hiyo hiyo. Mzee naye alitabasamu kwa nusu ya mdomo. Halafu muziki ukabadilika, ardhi ikatikisika, yaani kamera ilitikiswa, na ukutani yakatokea maandishi mekundu: KIONGOZI WA MAITI.

Uso wa Mzee Kiberenge ulijaza ukuta wote. Ule upande ulioanguka. Jicho linalotoa maji, mdomo unaovuja mate, na udenda huo ulikuwa umetiwa rangi nyekundu kwa kompyuta. Aliitembea ile njia yake yote juu ya mataruma, kidevu juu, kama alivyokuwa amejizoeza ukumbini, na kila mguu wake ulipoburuta ulisikika mlio wa mifupa ikivunjika. Akafumbua kinywa. Pale stesheni alikuwa amejaribu kusema neno, hakuna aliyejua neno gani. Kwenye ukuta ilitoka sauti ya mbwa akinguruma. Dobi alimjua yule mbwa. Alikuwa wa jirani wa nyuma.

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Wengine walipiga mayowe ya kuogopa na wakacheka kwa sababu wameogopa. Mtoto mmoja akaanza kulia, na mama yake akamwambia, "Nyamaza, si yule babu pale mbele?" Mtoto akatazama pale mbele, akalia zaidi.

Mzee hakusogea. Dobi alimshika mkono, ukawa mzito kama nguo iliyolowa.

Taa zilipowashwa Dairekta alipanda jukwaani amelowa jasho la furaha. Akashukuru. Akamshukuru Bwana Chaja kwa maono yake. Kisha akanyoosha mkono kuelekea safu ya mbele. "Na huyu hapa, mabibi na mabwana! Zombi namba moja! Simama, Baba, wakuone!"

Watu wawili wenye nia njema wakamwinua kwa makwapa, wakamgeuza kwa watu. Makofi yakapigwa. Kijana mmoja wa nyuma akauliza kwa heshima kabisa, kama mtu anayetaka kujifunza ufundi, "Dairekta, pale usoni ulimpaka nini?"

Dairekta akaachia kimya kidogo, kama alivyowaona wakubwa wakifanya.

"Hakupakwa kitu," alisema. "Huo ni uso wake mwenyewe."

Hayo ndiyo makofi yaliyokuwa makubwa kuliko yote.

Kurudi nyumbani, mzee alimtegemea Dobi peke yake. Dairekta alibaki akipigwa picha na hakugundua kwamba wameondoka. Walitembea polepole kando ya barabara. Karibu na lango la nyumba mzee akasimama.

"Mbwa," alisema.

Dobi angependa ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ina kazi zake.

"Ulijua?"

"Nilijua, Baba. Niliogopa utarudi kitandani. Nilikosa."

Mzee akamtazama kwa macho yote mawili. Alikuwa na haki ya kuutoa mkono wake, na Dobi alikuwa tayari autoe. Mzee akautia mkono wake ndani ya wa Dobi tena, akampigapiga mara moja, wakaingia.

* * *

Asubuhi Dairekta alikwenda chumba cha baba yake na gazeti la mtaa lililokosea kuandika jina lake. Dobi alisikia gazeti likianguka, kisha ukelele.

"Baba! Jamani, Baba! Baba amekufa!"

Jirani wa nyuma, yule mwenye mbwa, alifika na khanga kichwani na kilio tayari mdomoni. Mzee alikuwa amelala chali, mikono ameikunja kifuani, kinywa wazi, koti limefungwa vifungo vyote. Dairekta alikuwa sakafuni akijipiga kifua kwa ngumi. Dobi alimgusa mzee shingoni. Palikuwa na joto. Akamshika mkono ule mzuri, na ule mkono ukambinya vidole, kwa nguvu, mara moja.

Akasimama wima. Akawatazama wote wawili, akaelewa kwamba mzee anamtaka yeye peke yake.

"Hajafa," alisema. "Tokeni, mwacheni apumzike."

Mume na jirani walipotoka, jicho zima la mzee likafunguka.

"Uji," alisema. "Chumvi."

Ikawa hivyo kila siku. Mbele ya Dobi alikula, akanyolewa, akatembea ukumbini, akawatukana wanasiasa wa redioni. Hatua za mwanawe zikisikika langoni, alirudi kitandani, akafumba macho, akakunja mikono, akafa. Dairekta aliongea naye, akamtikisa, akamsomea maoni ya watu mtandaoni. Akaleta kinyozi wa kumfurahisha. Akaleta muuguzi wa zahanati, aliyempima mzee, akamkuta mzima, akamtazama Dairekta kwa dharau na kudai nauli yake.

"Anafanya nini?" Dairekta alimuuliza mkewe jikoni. Alikuwa amekonda kidogo, na kofia haikumkaa tena.

"Anaigiza."

"Amwigizie nani? Hakuna kamera."

"Ndiyo ujue anaweza kuliko waigizaji wako wote."

Jambo hilo lingeweza kuendelea hata mwaka, kwa sababu Dairekta alikuwa mtu wa kuzoea aibu upesi. Lakini Bwana Chaja alikuja mwenyewe nyumbani, safari hii bila unga, kusema kwamba watu wanataka sehemu ya pili. Hawakumtaka bwana mkubwa. Hilo lilimuuma lakini biashara ni biashara. Walimtaka yule mzee. Alikuwa tayari kutoa fedha nyingi kuliko mara ya kwanza, ila bila mzee hatoi hata senti.

Dairekta alimsindikiza mpaka nje, akarudi, akasimama mlangoni mwa chumba cha baba yake. Dobi alikuwa ndani humo humo akipiga pasi, maana siku hizi alikuwa amehamishia meza yake huko. Mzee alikuwa maiti kitandani.

"Baba," alianza Dairekta. "Kama kuna mahali nimekukwaza, basi tusameheane. Sisi ni damu moja."

Pasi ilifuka mvuke. Kisha kutoka kwenye kile kinywa kilichopinda, bila jicho kufumbuka, likatoka neno moja lililovutwa mwishoni.

"Rudiaaa."

Dairekta akamgeukia mkewe. Mkewe akageuza shati upande wa pili.

Akapiga hatua ndani. Akaweka mkono kifuani, akaitia sauti yake mtetemo. "Baba yangu mzazi, uliyenibeba begani, uliyenifundisha dunia..."

"Rudia."

"Si mimi, Baba! Binti wa saluni ndiye aliyechana koti. Sauti ya mbwa lilikuwa wazo la Bwana Chaja, mimi nilikataa, muulize..."

"Rudia."

Dairekta akaketi sakafuni. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akaikunja mdomo wake mpaka ukavunjika. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa na ufundi wowote, na Dobi akasimamisha pasi hewani ili asikie.

"Nilikudanganya," alisema. "Ulifurahi, mimi nikaendelea kukudanganya. Nilijua hutaweza kusema kitu. Nisamehe, Baba."

Chozi lilikuwa likishuka kwenye shavu lililoanguka, lakini jicho lile lilitoa maji siku zote, na mtu asingeweza kujua kama analia. Nje, mbwa wa jirani akabweka, akanyamaza.

"Rudia," alisema Mzee Kiberenge.

Dairekta akavuta pumzi, akaanza upya. Dobi akachukua shati jingine.